Hesabuni saa za mtu, si saa za treni: barua ya wazi kutoka Tabora

Kwenu wakuu mnaopanga zamu za treni za mizigo kati ya Tabora na Kigoma, kwenu mnaochagua stesheni za kupokezana treni, na kwenu mliokabidhiwa usalama wa reli yetu.

Mlio wakubwa kwangu, shikamooni. Mlio wadogo, natumaini hamjambo na familia ni wazima.

Naandika nikiwa Ng'ambo, hapa Tabora. Nimefanya kazi kwenye treni za mizigo miaka 26, nikianzia usaidizi wa dereva, kisha nikakabidhiwa kichwa cha treni mwenyewe, hadi nilipostaafu. Sidai malimbikizo na sina kesi na mtu. Nina jambo moja ambalo nimelibeba muda mrefu, na vijana walioko kwenye usukani leo hawawezi kulisema wazi kama ninavyoweza mimi ambaye siwezi tena kuondolewa kwenye zamu. Siku ya kazi ya dereva wa mizigo ikihesabiwa vibaya, kituo cha kumpumzisha nacho kitawekwa mahali pabaya.

Miaka 11 ya mwisho nilikuwa natembea na daftari. Fomu ya kazi ilitaka saa mbili tu: treni imeondoka saa ngapi, imefika saa ngapi. Daftari langu liliandika zilizobaki: saa niliyoamka, saa niliyoitwa, saa niliyoripoti, saa gurudumu lilipoanza kuzunguka, saa niliyokabidhi treni, na saa niliyoweka ubavu kitandani. Naomba niwasomee safari moja.

Ilikuwa Februari, mvua zimeshika. Niliamka saa 12 asubuhi kama watu wengine nyumbani, kwa sababu sikujua kama siku ile nitaitwa au sitaitwa. Saa 8 mchana simu ikalia. Saa 10 jioni nikaripoti. Mabehewa mawili yalikutwa breki hazishiki, yakatolewa, msururu ukapangwa upya, breki zikapimwa tena tangu mwanzo. Tukaondoka saa 4 usiku, na fomu ndipo ilipoanza kuhesabu. Tulifika Kaliua saa 8 usiku tukawekwa kando kuipisha treni iliyotoka Kigoma. Ilikuja saa 11 alfajiri. Ndani ya kichwa hakuna anayelala saa kama hizo, maana ruhusa ya kuendelea inaweza kuja wakati wowote. Usinge tukaipita, Nguruka tukaipita, jua likatoka, nami nikajiambia kwamba hatari imeisha pamoja na giza.

Saa 3 asubuhi, tukiwa tunaikaribia Malagarasi, nililala. Macho yangu yalikuwa wazi. Mguu ulikuwa bado umekaa juu ya kanyagio ambalo kazi yake ni kuhakikisha dereva yuko macho, na ulilikandamiza vizuri kabisa. Ishara ya stesheni ilikuwa inatuzuia. Sikuiona. Msaidizi wangu, kijana wa miaka 24, alinipiga bega huku mkono wake mwingine ukivuta breki ya dharura. Tulisimama ishara ikiwa mbele yetu hatua chache. Hakuna aliyeumia, na kwa kuwa hakuna aliyeumia, hakuna aliyeandika. Baada ya kusubiri tuliruhusiwa, tukaendelea mpaka Kigoma, kwa sababu kabla ya Kigoma hapakuwa na mtu aliyepangwa kunipokea.

Sasa hesabu. Pale Malagarasi fomu ilisema nimefanya kazi saa 11. Daftari lilisema nipo kazini saa 17. Mwili wangu ulikuwa macho saa 27. Kwa hesabu ya fomu nilikuwa bado ndani ya kikomo cha saa 12, na mkaguzi yeyote angeisoma karatasi ile akaridhika.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, na akifikisha saa 24 anakaribia asilimia 0.10. Nimewahi kuona dereva akizuiwa kupanda kwenye kichwa kwa sababu ananuka pombe, na ilikuwa haki. Sijawahi kuona aliyezuiwa kwa sababu ana usingizi. Usingizi haunuki.

Sheria yetu haina upungufu mkubwa hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki; hata kwa saa za ziada mtu asizidishe saa 12 kwa siku; kati ya kumaliza kazi na kuanza tena apate saa 12 mfululizo za kupumzika, na kila wiki saa 24. Kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa, maana watunga sheria walijua usiku si sawa na mchana. Sheria yote hii inazungumza saa. Haizungumzi kilomita, wala haizungumzi gurudumu. Mtu aliyekaa yadi saa sita akingoja mabehewa hakuwa kwake na watoto wake. Alikuwa kazini. Ombi langu la kwanza kwenu, na mengine yote yanatoka hapo, ni kwamba saa ya dereva, msaidizi na gadi (msimamizi wa treni) ianze kuhesabiwa anaporipoti, na isimame anapokabidhi treni na kusaini kutoka. Muda wa gari kumtoa stesheni hadi mahali pa kulala nao usiingizwe kwenye mapumziko yake.

Mkiikubali hesabu hiyo, ramani yenyewe itawaonyesha tatizo. Kutoka Tabora hadi Kigoma ni kama kilomita 411, njia moja, ya zamani, ya upana wa mita moja. Treni ya mizigo ikipata wastani wa kilomita 40 kwa saa, ni saa 10 na kidogo. Ikipata 35, ni karibu saa 12. Ikipata 30, na kwenye mvua na kupishana huo ni wastani wa kawaida sana, ni karibu saa 14. Ongezeni saa mbili za kukagua, kuunga mabehewa na kupima breki. Ina maana mtu mmoja anaweza kuimaliza njia hii kihalali siku tu ambayo kila kitu kimekwenda sawa: kichwa hakijasumbua, hakuna wa kumpisha, na bonde la Malagarasi halijajaa maji. Siku za namna hiyo zipo. Kwenye daftari langu naweza kuzihesabu kwa vidole.

Babu zetu wa Unyamwezi walibeba mizigo kwenye njia hii kabla reli haijafikiriwa. Misafara ilitoka pwani, Bagamoyo, ikapita Tabora kwenda Ujiji, na Wanyamwezi walijulikana kote kwa upagazi. Kirangozi aliyekuwa mbele hakuweka kambi kwa kutazama umbali peke yake. Alitazama maji yako wapi, kivuli kiko wapi, na miguu ya watu ina hali gani. Wajerumani walipoanza kutandika reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa sehemu kubwa waliufuata mkondo ule ule. Mzigo ukashuka kichwani ukapanda behewani. Lakini anayeuongoza bado ana miguu na macho, na kambi bado inatakiwa.

Basi kambi iwe wapi? Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hili nimelipigia hesabu miaka mingi.

Wengi huitaja Kaliua, na nawaelewa. Pana makutano, maana ndipo njia ya Mpanda inapochepuka. Pana mji, soko na hospitali. Lakini Kaliua iko kama kilomita 120 tu kutoka Tabora. Anayepokea treni pale kwenda Kigoma amebakiwa na kilomita 290. Kwa mwendo wa 30 ni karibu saa 10 kabla ya maandalizi, na akikutana na treni moja iliyochelewa amekwisha. Mtakuwa mmempunguzia mzigo wa Tabora mkamtwisha wa Kigoma. Kaliua ina faida yake nyingine, nayo ni treni za Mpanda. Timu ya Tabora inaweza kuipeleka treni ya Mpanda hadi Kaliua kwa saa nne hivi, ikaikabidhi, ikarudi na inayotoka Mpanda. Ukijumlisha maandalizi ni saa 10, na mtu analala kwake. Kwa kazi hiyo Kaliua inatosha kabisa.

Kwa treni za Kigoma, mahali pa kupokezana ni Nguruka. Iko karibu nusu ya safari. Kila upande unakuwa na kama kilomita 200, yaani saa sita hadi saba za mwendo hata siku mbaya, na ukiweka maandalizi na kusubiri bado uko chini ya saa 12. Najua kuna atakayesema vijana wa Tabora na wa Kigoma wakutane Nguruka, wabadilishane treni, kila mmoja ageuke arudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ni wazo zuri kwenye karatasi na nililipenda mimi mwenyewe, mpaka nilipolipima kwa daftari. Saa saba kwenda na saba kurudi ni 14. Hata zikiwa tano kwenda na tano kurudi, treni ya pili ikichelewa saa tatu umerudi kule kule nilikolala mimi. Kwa hiyo Nguruka iwe mahali pa kulala, si mahali pa kugeukia. Mtu afike, akabidhi, ale, alale, na baada ya saa 12 kamili achukue treni inayorudi kwao.

Mtaniuliza kuhusu gharama. Saa za kuendesha haziongezeki kwa kuigawa safari. Kilomita ni zile zile, na mikono inayohitajika kwa mwezi inakaribia kuwa ile ile. Kinachoongezeka ni muda wa makabidhiano, posho ya usiku na nyumba ya kulala. Linganisheni na treni ambayo saa za timu yake zimekwisha katikati ya Usinge na Nguruka. Njia ni moja. Hiyo ikisimama, wote wanasimama: treni ya abiria iliyotoka Kigoma imejaa akina mama na watoto, makontena ya Burundi na Kongo yaliyotoka Dar es Salaam, meli bandarini Kigoma inayongoja mzigo.

Kuhusu nyumba yenyewe, nimelala kwenye za aina nyingi na najua tofauti ya kulala na kujilaza. Dereva wa mizigo mara nyingi hulala mchana. Chumba chake kinataka pazia zito, kuta nene na umbali kidogo kutoka mahali vichwa vinapopiga honi. Kinataka chandarua, maana ukanda wa Malagarasi una mbu wa kutosha, na maji ya kuoga saa yoyote mtu anapofika. Kila mmoja awe na chumba chake: tukilala wanne chumba kimoja na kila mmoja ana saa yake ya kuitwa, anayeitwa mmoja, wanaamka wanne. Awepo mpishi. Katika ujana wangu tulisafiri na sanduku lenye unga, dagaa, sufuria na jiko la mkaa, na mtu aliyetoka kazini alianza kwanza kutafuta maji ya ugali. Saa moja na nusu ya usingizi wake ilikwenda hapo. Na sasa tunao mabinti wanaoendesha treni. Wawekewe vyumba vyao na bafu lao tangu ramani inapochorwa, wasije wakapewa stoo iliyosafishwa.

Kituo kizuri hakitafaa kitu ikiwa mtu hajui ataitwa lini. Hili ndilo lililonichosha kuliko kuendesha kwenyewe. Treni ya mizigo haina saa maalumu kama ya abiria, hilo halina ubishi. Lakini mnaweza kumpa mtu dirisha: wiki hii utaitwa kati ya saa fulani na saa fulani, nje ya hapo hutaitwa. Atajua alale lini. Marekani waliweka kikomo cha saa 16 kwa wafanyakazi wa treni mwaka 1907, wakakishusha baadaye hadi 12, na mwaka 2008 wakaongeza kwamba mtu apate saa 10 za mapumziko yasiyokatizwa, hata kwa simu ya mwajiri. Walichukua miaka mia moja kufika kwenye simu. Sisi tunaweza kuanzia hapo.

Na kikomo kisisubiriwe mpaka kifike. Anayeongoza treni kutoka chumba cha udhibiti awe na saa ya kila timu mbele yake sawa na alivyo na nafasi ya kila treni. Timu inapofikisha saa ya nane aulize: kwa hali ya njia ilivyo, hawa watafika? Kama jibu lina shaka, timu ya kupokea iondoke wakati ule, ikiwa bado kuna stesheni ya kuifikia. Ukiulizia saa ya 12, watu wameshakwama porini na mvua inanyesha.

Makabidhiano nayo yapewe muda wake. Tarehe 8 Februari 1986, karibu na Hinton nchini Kanada, treni ya mizigo ilipita ishara nyekundu ikagongana na treni ya abiria, wakafa watu 23. Tume iliyochunguza iliona jinsi waliokuwa kwenye kichwa cha mizigo walivyokuwa wamelala saa chache mno. Iliona pia kwamba timu ile ilipokea treni bila treni kusimama sawasawa, mmoja anashuka mwingine anapanda, ili muda na mafuta visipotee. Na kwa kupokezana namna hiyo, vipimo ambavyo vingefanyika vikarukwa. Tume ilisema tatizo lilikuwa ni desturi nzima ya kazi iliyotanguliza mzigo kufika, wala haikuwatupia lawama zote marehemu. Nilipoisoma habari hiyo niliiweka chini nikaenda kukaa nje.

Sisi tuna Igandu. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mwinuko mkoani Dodoma ikagongana na treni ya mizigo, tukazika watu 281. Siitaji nikisema ilikuwa uchovu. Naitaja kwa sababu tangu siku ile hakuna mfanyakazi wa reli anayehitaji kuelezwa breki ni nini. Kwa hiyo pale Nguruka treni isimame. Anayeshuka amwambie anayepanda, uso kwa uso: behewa la tisa linavuta, kichwa kinapoteza nguvu mlimani, kuna mahali reli imelegea baada ya daraja. Kisha breki zipimwe. Nusu saa. Hiyo nusu saa isihesabiwe kuwa ucheleweshaji na mtu asiandikiwe barua kwa ajili yake.

Naandika sasa, sikungoja mwakani, kwa sababu ya reli mpya ya kisasa, SGR. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022, na kutoka Uvinza itachepuka njia ya kwenda Musongati, Burundi. Treni za mizigo za reli hiyo zimesanifiwa kufikia kilomita 120 kwa saa. Nafurahi kuishi kuiona. Lakini naijua hamu itakayokuja nayo: kama mtu aliweza kwenda Kigoma kwa kichwa cha zamani, basi kwa hiki kipya aende na kurudi, au aunganishe moja kwa moja hadi Makutupora, mashariki ya Tabora. Mwendo ukiongezeka, usingizi wa sekunde kumi unakula njia ndefu zaidi: kwa kilomita 30 kwa saa ni mita 83, kwa 120 ni mita 333. Stesheni zinapojengwa ndipo mahali pa kuamua nyumba za kulala zikae wapi. Uvinza itakuwa makutano, kwa hiyo hesabu niliyoipiga kwa Nguruka itabidi irudiwe upya kwa reli ile. Irudiwe kwa saa za watu, na waendesha treni wawemo chumbani inapopigwa.

Kijana aliyenipiga bega siku ile sasa ni dereva. Tulionana wiki iliyopita sokoni, macho mekundu, ameshika mfuko wa maembe ya watoto. Nilimuuliza anakwenda kulala? Akaniambia, "Baba, nangoja simu."

Madaftari yangu ni matano. Yamo kwenye sanduku lile lile la safari, hapa nyumbani, na nimeshamwambia mwanangu asiyachome. Mkimtuma mtu nitamkabidhi yote, akayapige picha. Safu ya kwanza ni saa niliyoamka, ya pili niliyoitwa, ya tatu niliyoripoti, ya nne gurudumu, ya tano kukabidhi, ya sita kulala. Palipo na mstari mwekundu pembeni, nilisinzia. Malagarasi iko daftari la tatu.

Dereva mstaafu wa treni za mizigo,
Ng'ambo, Tabora